Jina la fundi, kazi ya kiwanda: maswali yenu kuhusu visu vya kolabo

Wadau wa Kona ya Zana, mambo vipi. Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya visu vya kolabo, yaani fundi anayetengeneza visu kwa mkono wake anakubaliana na kampuni yenye kiwanda, kampuni inachukua dizaini yake inatoa maelfu, jina la fundi linagongwa kwenye bapa na yeye analipwa. Basi meseji zimemiminika mpaka nikajuta kugusia. Zinazofanana nimeziunganisha, na wale mlionijia juu kwa kuuliza nani ana dola mia mbili za kununulia kisu nimewasoma pia, jamani bei sipangi mimi.

Habari za kazi mzee. Shemeji yangu yuko Muscat, kanitumia kisu cha kukunja cha Spyderco, kwenye bapa kuna alama ya fundi wa Kimarekani aliyekibuni. Nikageuza upande wa pili nakuta Taiwan. Kijiweni wananicheka eti nimetumiwa feki. Ni kweli? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Nzuri mdogo wangu. Si feki, au tuseme hiyo Taiwan peke yake haikifanyi kuwa feki. Spyderco makao yao ni Golden, Colorado, na kiwanda wanacho hapohapo, ila miaka mingi tu wanatengenezesha visu vingine nje, Seki kule Japani, Taichung ya Taiwan, Maniago Italia, na China, tena hawafichi, modeli inaandikwa ilikotoka. Kwa hiyo alama ya fundi upande huu na Taiwan upande ule havigombani hata kidogo. Fundi ndiye aliyeamua umbo, mpini ukae vipi kwenye kiganja, ncha ishuke kiasi gani, na nchi inakwambia tu mashine zilikuwa wapi. Huyo fundi kisu chako wewe huenda hajawahi kukitia machoni, alichoshika yeye ni sampuli.

Na huu mchezo si wa juzi. Wengi wakihesabu wanaanzia 1990, Spyderco walipotoa modeli ya C15 iliyobuniwa na Bob Terzuola, Mmarekani aliyeanza kutengeneza visu akiwa anaishi Guatemala. Kolabo za hapa na pale zilikuwepo hata kabla, Bob Loveless yule mzee wa visu vya kuwindia alishawahi kubuni kwa ajili ya kampuni ya Gerber, lakini baada ya C15 ndo ikawa fasheni kabisa, wakafuata kina Jess Horn, Frank Centofante, Wayne Goddard na Michael Walker hukohuko Spyderco. 1994 ikaanzishwa kampuni ya CRKT kule Oregon, hawa ndio wakageuza kolabo kuwa biashara yenyewe, ukifungua katalogi yao karibu kila ukurasa una jina la mtu, na kisu chao kilichouza sana, M16, ni mchoro wa Kit Carson, mwanajeshi mstaafu.

Sasa ukitaka kujua kama chako ni halali, itafute modeli hiyohiyo kwenye katalogi ya kampuni uone wanasema ilitengenezwa wapi na chuma gani. Wao wakisema Japani na chako kinasema Taiwan, hapo kijiwe kina hoja. Halafu kifunge utazame kwa juu, ubapa unatakiwa ukae katikati ya mpini usiguse ubavu wowote, kifungue ukishike mgongo ujaribu kuutikisa, ukicheza kulia kushoto na skrubu zimekazwa, na vichwa vya skrubu vimelikalika kama vimefungwa na mtu mwenye haraka, ndo uanze kuwaza. Na shemeji umpe asante yake kwanza kabla hujamwambia anafanya utapeli.

Shikamoo mzee. Mimi ni mpishi hoteli moja huku Nyali. Kuna mgeni alipoondoka akaniachia kisu cha Zwilling kimeandikwa Bob Kramer. Kikali sijapata kuona, lakini wiki ya kwanza nimekatia ndimu na maembe kimebadilika rangi, kama bluu kama kijivu, na karibu na mpini kuna wekundu. Huyu Kramer kakitengeneza yeye mwenyewe? Na mbona kitu cha bei kinashika kutu? (Mpishi, Mombasa)

Marahaba mwanangu, mgeni huyo alikupenda kwa dhati.

Kramer hakukifua yeye. Kramer ni mhunzi wa jimbo la Washington, Marekani, alianzia jikoni kama wewe, akawa mnoaji wa visu vya mahoteli pale Seattle, ndipo akaingia kwenye uhunzi mpaka akapata daraja la juu la chama cha wahunzi wa visu cha Marekani. Mtihani wa hao watu ukisikia utacheka, unafua kisu mwenyewe, unakata nacho kamba nene ya inchi moja inayoning'inia kwa pigo moja, unakatakata mbao mara mbili, kisha kisu hichohicho bila kukinoa kiweze kunyoa nywele za mkono wako, halafu wanakibana kwenye jiriwa wanakipinda nyuzi tisini na kisivunjike. Visu alivyofua kwa mkono wake hupatikana kwa bahati nasibu au mnada, na bei zake ni za wazimu. Kile alichomtengenezea Anthony Bourdain, yule mpishi maarufu wa televisheni, chenye chuma cha kimondo ndani yake, kilipigwa mnada 2019 kwa dola 231,250. Kisu cha jikoni hicho.

Sasa watu wanamtaka Kramer na yeye mikono ni miwili. Akafanya kolabo kwanza na KAI ya Japani, wale wenye chapa ya Shun, baadaye akaenda Zwilling, kampuni ya Kijerumani ya tangu 1731, ila visu vyake vinatengenezwa Seki, Japani. Chako kwa maelezo yako ni kile cha kaboni, chuma kinaitwa 52100, na hicho ni chuma cha bearingi, hizihizi bearingi unazoziona kwenye magurudumu. Kina kaboni kama asilimia moja na kromu kidogo tu kama asilimia moja na nusu, wakati stenles inataka kromu kumi na kitu, ndo maana kinashika kutu. Si ubovu, Kramer alikichagua makusudi kwa sababu kinapokea makali ya wembe na kinanoleka kirahisi kwenye jiwe.

Hiyo bluu na kijivu iache usiisugue, ni ngozi tu kisu kinajitengenezea na inasaidia kuzuia kutu. Wekundu ndio adui. Chukua baking soda na maji matone mawili, sugua kwa kizibo cha chupa mpaka wekundu uondoke, suuza, kausha, paka mafuta kidogo ya nazi. Na kuanzia leo ukimaliza ndimu usiseme ngoja nimalizie na kitunguu kwanza, futa palepale na kitambaa kikavu, weka kitambaa begani kiwe cha kazi hiyo. Mashine ya kuoshea vyombo ni marufuku, na mifupa ya mbuzi tafuta shoka, makali ya kisu hiki ni magumu na membamba, yakikutana na mfupa yanamegeka vipande na hapo hata mimi sitakusaidia.

Sasa mzee. Mimi ni fundi wa jua kali hapa Kamukunji, natengeneza visu na simi kutoka kwa springi za lori. Kuna wageni wananunua na kila mmoja ananiambia eti nitume design zangu kwa kampuni kubwa ng'ambo nitalipwa pesa mob. Wanalipa aje? Na si wataniibia tu? (Fundi, Nairobi)

Poa sana fundi. Hili ndilo swali lililonifanya nikae chini, nitalijibu kwa urefu wengine mvumilie.

Kwanza elewa kampuni inanunua nini. Hainunui mchoro peke yake, michoro inatumiwa kila siku na watoto wa shule. Inanunua foleni. Chukua Rick Hinderer wa Ohio, zamani alikuwa zimamoto, visu vyake vya kukunja vilifika mahali watu wanasubiri na wanaviuza tena kwa bei ya juu kuliko aliyouzia yeye, ndo kampuni ya Zero Tolerance wakaja wakatoa modeli zao naye na zikaenda kama njugu, kwa sababu wateja walishakuwepo, walichokosa ni kisu. Mafundi wengi wanaonekana kwenye maonyesho ya Blade Show yanayofanyika Atlanta, kampuni zinapita meza kwa meza zinaangalia nani meza yake imebaki tupu saa nne asubuhi. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwako si kutuma, ni kupiga picha nzuri kila kisu, kugonga alama yako palepale kila mara, alama moja isiyobadilika, na kuwa na watu wanaokuulizia kwa jina.

Pili, chuma. Springi za lori ni chuma kizuri mno kwa panga na simi, mara nyingi ni jamii ya 5160 au ndugu zake, wahunzi wa Marekani wenyewe wanakinunua kipya dukani. Ila kampuni haiwezi kuagiza springi ya lori lililokufa Mlolongo. Watakuuliza chuma gani, unene gani, ugumu wa ngapi, na springi iliyobeba mawe miaka kumi inaweza kuwa na nyufa ambazo jicho halioni. Kwa hiyo sampuli ya kuwaonyesha itengeneze kwa chuma chenye jina.

Tuseme wamekupenda. Unawapa sampuli, wao wanaifungua vipande vipande, wanapima kila kitu, wanaingiza kwenye kompyuta. Hapa ndo mafundi wengi wanapata homa. Wewe ukitengeneza kisu cha kukunja unakwangua kidogo hapa unajaribu, unakwangua tena mpaka kifunge sawasawa, mpini wa kisu hiki haukai kwenye kisu kile. Kiwandani mpini wowote lazima ukae kwenye bapa lolote. Watabadilisha skrubu ziwe za saizi wanazonunua kwa wingi, unene wa bapa ufuate shiti ya chuma inayouzwa, titani wataiondoa waweke G10, ile plastiki ngumu ya nyuzi za kioo, au nailoni, na ncha uliyoinoa kama sindano wataiongezea nyama, kwa sababu mteja ataitumia kufungulia kopo la rangi, itavunjika, na garantii ni ya kwao. Kisha wanatoa sampuli ya kiwanda wanakutumia wewe uikosoe, unairudisha, wanaleta nyingine. Inakula mwaka, miwili, mara nyingine zaidi. Fundi mwenye akili anakuwa na vitu viwili vitatu ambavyo hatakubali viguswe, na hivyo anavitaja siku ya kwanza, kwingine kote awaachie, maana ukigombania kila skrubu kisu hakitoki.

Malipo mara nyingi ni mrabaha, asilimia ndogo ya bei ya jumla kwa kila kisu kilichouzwa, bei ya jumla nasema, si ile unayoiona dukani. Tuchukulie mfano tu, kisu kinauzwa jumla dola 60, wewe una asilimia tano, hiyo ni dola 3, wakiuza elfu mbili umepata dola 6,000. Si za kununua ploti Karen, lakini umezipata umelala. Wengine wanalipwa mkupuo mmoja na habari inaishia hapo, mimi siipendi hiyo, kisu kikija kupendwa utakuwa unakiona kwa watu roho inakuuma. Soma mkataba unasemaje kama wewe utaruhusiwa kuendelea kutengeneza kisu hichohicho kwa mkono wako, jina lako watalitumia mpaka lini, wakiacha kukitoa mchoro unarudi kwako au unafia kabatini kwao, na una haki ya kuona hesabu za mauzo au unaamini tu. Hizo ndizo sehemu za kukaa na wakili hata kama atakutoza.

Kuibiwa sasa. Michael Walker, mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliboresha ile kufuli ya kisu cha kukunja ambayo kibati cha ndani kinajisogeza chenyewe kushika ubapa, akasajili jina lake la biashara, LinerLock, ufundi wenyewe hakuuwekea hataza, yaani patent ya kuzuia wengine wasiunakili, na leo nenda soko lolote duniani chukua kisu cha kukunja cha bei chee, uwezekano mkubwa kufuli yake ni hiyo. Bill McHenry na Jason Williams wao walichukua hataza ya kufuli yao, wakawapa kampuni ya Benchmade leseni, ikatoka 1998 kwa jina la Axis, na kwa karibu miaka ishirini ukiitaka hiyo unaenda Benchmade. Hataza ilipoisha muda kila kampuni ikaibeba. Ndivyo sheria inavyotaka, lakini hiyo miaka ishirini waliila.

Kwako Kenya ofisi ya kusajili hataza na dizaini ni KIPI. Kama umebuni namna ya kufanya kazi, kufuli mpya mfano, ongea nao habari ya hataza. Kama ni umbo tu, sajili dizaini, inalindwa miaka mitano na unaweza kuihuisha mpaka ifike kumi na tano. Fanya hivyo kabla hujaianika mtandaoni, na ujue usajili wa Kenya unakulinda Kenya, ukitaka nchi nyingine za Afrika uliza habari ya ARIPO, shirika la nchi za Afrika la kusajili ubunifu, lililoko Harare. Na simi yenyewe fundi wangu, umbo la simi si lako wala langu, ni la Wamasai na majirani zao tangu enzi, huwezi kulisajili uwe nalo peke yako, na kampuni ya nje ikitoa simi huna cha kudai. Chako ni kile ulichoongeza juu yake.

Kuna njia ya tatu ambayo wageni wako hawakukwambia. Mji wa Yangjiang, Guangdong, ndio kitovu cha visu China, na viko viwanda vizuri huko vinavyotengeneza kwa oda ya fundi, kampuni kama WE ilianza kwa kuwatengenezea wengine kabla ya kuuza kwa jina lake. Hapo unalipa wewe, mzigo ni wako, faida na hasara ni yako. Usianze na hiyo ukiwa na mtaji wa kukopa.

Mzee hawa mafundi si wamejiuza tu? Ufundi uko wapi kama mashine ndo imefanya kila kitu? (Asiyependa ujinga, Tanga)

Wengine wamejiuza, sibishi. Fundi ukimkuta jina lake liko kwenye modeli sita za kampuni nne mwaka mmoja, na ukiziweka mezani zote mpini uleule, huyo anakodisha sahihi. Lakini usidhani mkono ndio bora kila mahali. Kwenye kuchoma na kupoza chuma, tanuru ya kiwanda inayoongozwa na kompyuta inawapita mafundi wengi, na mafundi wenyewe wanalijua, Marekani walikuwa wanapeleka mabapa yao kwa Paul Bos aliyekuwa ndani ya kiwanda cha Buck akawachomee yeye. Kiwanda kinapopungukiwa ni nyuma ya makali, wanaacha chuma kinene ili kisirudi kikiwa kimemegeka, na kwenye pembe za mpini, ambazo fundi angekaa nazo na msasa jioni nzima. Ukinunua kolabo halafu ukampa mnoaji mzuri aipunguze hapo nyuma ya makali umepata robo tatu ya kisu cha fundi kwa sehemu ya kumi ya bei yake.

Na asiyetaka kuuza jina anaweza kujenga kiwanda. Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini, alihamia Boise, Idaho 1989, akatoa kisu chake cha kukunja kiitwacho Sebenza, na badala ya kumpa mtu mchoro akanunua mashine zake akaajiri watu wake. Ilimgeuza kutoka fundi kuwa bosi wa mafundi, na si kila fundi anaipenda kazi hiyo.

Nina Kershaw Leek, ile ukiigusa kidogo inafunguka yenyewe. Kile kiwaya cha ndani kimekatika. Nimtafute Ken Onion aliyeibuni au kampuni? (Msomaji, Arusha)

Kampuni. Fundi wa kolabo hana spea wala hahusiki na garantii, Ken Onion yuko zake Hawaii, kazi yake kwenye Leek ilikuwa kubuni umbo na ile mitambo wanayoiita SpeedSafe. Waandikie Kershaw utume na picha. Usijaribu kutia springi ya kalamu, nimeona watu wakijaribu.

Kisu chenyewe bado unaweza kukifungua kwa kidole na kufuli itashika kama kawaida, haitegemei kile kiwaya. Tatizo lako liko kwenye kufunga: kiwaya hichohicho ndicho kinachokibana kikiwa kimefungwa, sasa kimekatika ubapa unaweza kuchomoza wenyewe ukiwa mfukoni. Leek ina kakitasa kadogo ka kuteleza kwenye mwisho wa mpini, kanashika ncha. Kasukume kila ukikifunga mpaka upate spea.